Msuli usiojua kulegea

Juma hili nimeona tuweke kando habari za bei na za barabara, ambazo hata hivyo mnazijua kuliko mimi, tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho na anakitumia hata sasa hivi anaponisikiliza. Nacho ni msuli.

Hebu twende buchani. Ukisimama asubuhi mbele ya bucha lolote hapa mjini, misuli ya aina zote tatu alizonazo mnyama iko mbele ya macho yako, ingawa mwenye bucha haiiti hivyo. Ile steki, ile sarara na lile paja zima lililotundikwa kwenye kulabu ni msuli wa mifupa, yaani ule unaoshika mifupa na kuivuta. Moyo ni aina ya pili. Na utumbo, ambao wengi wetu tunaupenda kwenye supu, ukuta wake ni aina ya tatu, nayo huitwa msuli laini. Firigisi ya kuku nayo imo katika kundi hilo la tatu, kwa hiyo neno "laini" lisiwadanganye, halihusiani na meno. Maana yake ni kwamba ukiutazama msuli huo kwa hadubini huioni ile mistari ya kukingama inayoonekana kwenye steki na kwenye moyo.

Tumezoea kuusifu msuli kwa jambo moja tu, nalo ni kuvuta. Vijana wanatunisha vifua kwenye vyumba vya mazoezi, mpagazi anasifiwa kwa gunia alilolibeba, na tukisema fulani ana misuli tunamaanisha ana nguvu. Sina ugomvi na nguvu. Lakini msuli una kazi mbili, kukaza na kulegea, na hiyo ya pili hatuihesabu kuwa ni kazi. Tunadhani kulegea ni kuacha tu, kama mtu aliyechoka anavyotua mzigo. Sivyo. Kulegea kunagharimu, tena msuli uliosahau kulegea unaua sawasawa na ule ulioshindwa kukaza. Baadaye nitawapeleka kwenye chumba cha kujifungulia, maana huko ndiko jambo hili linakochukua roho za watu. Lakini kwanza tujue msuli umejengwaje.

Chukua kipande cha nyama kilichochemshwa mpaka kikaiva sana. Kinachambuka nyuzi nyuzi, zile zinazokwama kwenye meno. Kila uzi ni fungu la nyuzi nyembamba zaidi, na kila mojawapo ya hizo ni seli moja, nyembamba kama unywele au hata kuliko unywele, lakini yenye urefu unaoweza kufika sentimita kadhaa. Ndani ya seli hiyo mna vijiuzi vingine, na ndani ya vijiuzi mna vyumba vidogo vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine kama mabehewa ya treni. Katika milimita moja tu ya urefu yamepangwa mabehewa kama 400 hivi. Mpangilio huo ndio unaoleta ile mistari niliyoitaja.

Kila behewa lina nyuzi za protini za aina mbili. Zile nene zimejengwa kwa mayosini, na zile nyembamba zimejengwa kwa aktini. Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba msuli unapokaza, protini zenyewe hujikunja zikafupika, kama unywele uliopata moto. Mwaka 1954 makundi mawili ya wataalamu, moja la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, jingine la Hugh Huxley na Jean Hanson, yalichapisha habari zao katika toleo moja la jarida la Nature, yakasema hakuna uzi unaofupika. Nyuzi nyembamba huteleza katikati ya zile nene, basi. (Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu, ingawa watu wamekuwa wakiwachanganya tangu hapo.)

Fikirini watu waliosimama ufukweni wakivuta kamba ya jahazi. Mikono yao haifupiki, na kamba nayo haifupiki, lakini jahazi linasogea. Kila mtu anashika, anavuta kidogo, anaachia, anashika mbele zaidi. Mayosini ina vichwa vidogo vinavyofanya hivyo hivyo juu ya uzi wa aktini. Mvuto mmoja wa kichwa kimoja hausogezi zaidi ya kama sehemu moja ya milioni ya sentimita, lakini vichwa ni vingi kupita kuhesabu na mabehewa yamo maelfu, kwa hiyo mkono unanyanyua ndoo.

Anayewaamuru wavutaji washike kamba ni kalsiamu, madini yale yale yaliyomo katika mifupa na maziwa. Mshipa wa fahamu ukileta habari, vifuko vilivyomo ndani ya seli humwaga kalsiamu, nayo hufungua mahali pa kushikia kwenye uzi mwembamba. Mjapani Setsuro Ebashi ndiye aliyetuonyesha, katika miaka ya 1960, jinsi mlango huo unavyofunguliwa.

Sasa hapa ndipo penye jambo langu. Mkono ule ukishashika kamba hauachii wenyewe. Ili uachie lazima upewe chembe ya nishati ya mwili, ile ambayo wataalamu huiita kwa herufi tatu, ATP. Na ili kazi nzima isimame, kalsiamu lazima irudishwe kwenye vifuko vyake, wala hairudi kwa hiari. Husukumwa na pampu ndogo ndogo ambazo nazo hula ATP. Mwili unalipa kuvuta, na unalipa kuachia.

Kama hamniamini, ushahidi uko msibani. Wazee huhimiza maiti afumbwe macho, afungwe kidevu na kunyooshwa viungo mapema, kwa sababu wanajua kwamba baada ya saa chache atakakamaa. Mwili haukakamai kwa sababu umepata nguvu mpya. Unakakamaa kwa sababu ATP imekwisha, na ile mikono iliyoshika kamba haina tena cha kuiachisha. Baadaye protini zenyewe huanza kuvunjika, ndipo viungo vinalegea tena. Ndiyo maana nyama ya ng'ombe iliyotundikwa mahali pa baridi siku kadhaa hulainika kuliko ile iliyopikwa wakati mzoga umekakamaa.

Juu ya msuli wa mifupa sitasema mengi zaidi. Mnajua kwamba kidari cha kuku ni cheupe na paja lake ni jeusi kidogo: paja limejaa nyuzi za kazi ya pole pole isiyochosha, maana kuku anashinda amesimama na kutembea, na kidari kina nyuzi za haraka, za kuruka mara moja akikimbizwa kisha basi. Njiwa, anayeruka masafa marefu, kidari chake ni chekundu. Sisi binadamu tumechanganyiwa zote mbili.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba misuli hii hufanya kazi kwa ushirika. Ukikunja mkono, msuli wa mbele unakaza na ule wa nyuma unapewa amri ya kulegea. Amri hiyo ya kulegea hupita katika uti wa mgongo kila sekunde bila ya sisi kujua. Tunaijua siku inapokatika. Pepopunda ndiyo hiyo. Sumu ya vijidudu vilivyoingia kwenye kidonda hufika kwenye uti wa mgongo na kuzima habari zinazosema "legea". Taya linafunga, mgongo unapinda kama upinde, misuli yote inavuta kwa pamoja, wa mbele na wa nyuma, na mgonjwa hufa kwa kushindwa kupumua, akiwa na misuli mizima isiyo na kasoro yoyote. Watoto wachanga waliokatwa kitovu kwa wembe mchafu walikufa hivyo kwa maelfu katika nchi zetu. Chanjo ya akina mama wajawazito na usafi wa kukata kitovu vimebadili mambo: Tanzania ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga mwaka 2012, na Kenya mwaka 2018. Kutokomeza huko maana yake ni kwamba katika kila wilaya wanaougua hawafiki mtoto mmoja kwa kila vizazi hai 1,000 kwa mwaka. Kijidudu chenyewe bado kimo ardhini na hakiondoki, kwa hiyo mama anayeruka chanjo asidhani ugonjwa umehamia nchi nyingine.

Tuje kwenye moyo. Seli za moyo zina mistari kama za steki, lakini ni fupi, zina matawi, na zimeshikana kichwa kwa kichwa kwa viungo vinavyopitisha umeme, hivi kwamba ikishtuka moja hushtuka zote. Haziulizi ubongo ruhusa. Moyo wa chura ukitolewa na kuwekwa kwenye maji yafaayo huendelea kupiga peke yake. Na juu ya hayo maji yafaayo kuna kisa. Daktari mmoja wa London, Sydney Ringer, alichapisha habari kwamba mioyo ya chura hudunda vizuri katika maji yaliyokenekwa na kutiwa chumvi. Halafu akagundua kwamba maji yale hayakuwa yamekenekwa hata kidogo, yalikuwa maji ya bomba ya mjini London. Alipotumia maji yaliyokenekwa kweli, mioyo ikafifia. Mwaka 1883 akaandika upya: kilichokuwa kikiifanya idunde ni kalsiamu iliyomo katika maji ya bomba. Hospitalini hadi leo mtu hutundikiwa chupa ya maji yenye jina la Ringer.

Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga mara 100,000 na ushei kwa siku. Watu husema moyo haupumziki. Mimi nasema hakuna kiungo kinachojua kupumzika kama moyo. Katika kila pigo, ambalo huchukua kiasi cha sekunde 0.85, kukaza ni kama sekunde 0.3 tu, na muda uliobaki ni wa kulegea. Na katika kulegea huko ndimo unamojaa damu, tena ndimo ukuta wake unamopata chakula, maana unapokaza huminya mishipa yake wenyewe, hasa ule upande wa kushoto wenye kazi nzito. Moyo ukienda mbio mno, muda unaopunjwa zaidi ni ule wa kulegea. Tena msuli wa moyo umeumbwa usiweze kushikwa na mkazo wa mfululizo: ukishapiga, hausikii amri nyingine mpaka umekaribia kumaliza kulegea. Mkono unaweza kukaza dakika nzima. Moyo ungefanya hivyo mara moja tu, ingekuwa mwisho wa habari.

Ndugu zangu wenye shinikizo la damu, hapa pana neno lenu. Moyo unaosukuma damu kwenye mishipa iliyobana miaka kwa miaka hunenepa ukuta, kama mkono wa mpagazi. Unene huo si sifa. Ukuta mnene ni mgumu, haulegei vizuri, na moyo usiolegea haujai. Wako wagonjwa wengi wa moyo ulioshindwa ambao moyo wao ukipimwa unakaza sawasawa kabisa. Wanahema wakipanda ngazi kwa sababu ya ile nusu nyingine ya kazi. Dawa ya presha inayonywewa na mtu asiyejisikia kuumwa popote inalinda jambo hilo.

Tumebaki na msuli laini, na huu ndio unaonitia mshangao kuliko yote. Seli zake ni ndogo, zimechongoka ncha zote mbili, hazina mabehewa. Nyuzi zake zimepita mshazari na kushikana kama wavu, hivyo seli ikikaza hujikunyata. Huenda pole pole, lakini unaweza kushikilia kwa muda mrefu kwa kutumia nishati kidogo sana. Ndio unaosukuma chakula tumboni, unaopanua na kubana mishipa ya damu, unaobana mboni ya jicho isipate mwanga wa kupita kiasi. Umo pia katika mirija ya hewa kifuani, na mwenye pumu anaujua: mirija inabana bila sababu ya maana, na anachokivuta kutoka kwenye kile kichupa cha salbutamoli ni amri ya kulegea.

Na umo katika mfuko wa uzazi. Mfuko huo kabla ya mimba una uzito wa gramu 60 au 70. Mimba ikitimia, ukiacha mtoto na maji yake, nyama yake peke yake inafika kilo moja. Ndipo uchungu unapoanza. Unakuja, unakaza, halafu unaachia, na mama anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini nafasi ile si ya mama peke yake. Wakati mfuko unakaza, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma inaminywa, na mtoto anaishi kwa akiba. Ukilegea, damu inarudi, naye anapata hewa yake. Ndiyo sababu mkunga huweka mkono juu ya tumbo na jicho kwenye saa, akihesabu uchungu umekuja mara ngapi katika dakika 10. Mara tatu, nne, ni vizuri. Ukizidi mara tano anaingiwa na wasiwasi, kwa sababu uchungu wa kupita kiasi haumharakishii mtoto usalama. Unamnyonga.

Sasa, tunajua yanayofanyika majumbani. Binti ameanza kusikia maumivu, na kabla hajapelekwa hospitali anapewa kikombe cha dawa ya mitishamba ya kuongeza uchungu, ili akifika asikae sana, asitukanwe, asipasuliwe. Bibi anayempa kikombe kile anampenda, na sitamlaumu kwa hofu yake, maana hofu hiyo ina chanzo na wahudumu wetu wengine wanakijua. Wala sisemi dawa zile ni maji matupu. Shida yake ni kwamba nyingine zina nguvu kweli. Hakuna anayejua kikombe kimebeba kiasi gani, na kikishamezwa hakirudi. Mfuko unakaza juu ya kukaza, mtoto hapati nafasi yake, na kama mama ana kovu la upasuaji wa zamani, mfuko unaweza kupasuka. Hospitalini wanayo dawa ya kazi hiyo hiyo, oksitosini, lakini huingizwa kwa matone yanayohesabiwa, na ikifungwa nguvu yake hupungua katika dakika chache.

Msione kwamba ni ujinga wa kwetu. Wakunga wa Ulaya walitumia ukungu unaoota kwenye nafaka iitwayo rai, na mwaka 1808 daktari wa Marekani, John Stearns, akausifu kwa kuharakisha uzazi. Madaktari wakaupokea kwa furaha. Katika miaka ya 1820 David Hosack wa New York alipaza sauti kwamba watoto wanaozaliwa wafu wameongezeka, akashauri ukungu huo usitolewe kabla mtoto hajatoka, utumike baadaye tu, kuzuia damu. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni saa.

Kwa nini baadaye inafaa? Kwa sababu mtoto na kondo la nyuma wakishatoka, amri inageuka. Mishipa iliyokuwa ikilisha kondo ilikuwa ikipitisha zaidi ya nusu lita ya damu kwa dakika, na sasa midomo yake iko wazi. Kinachoifunga ni nyuzi za msuli wa mfuko wa uzazi, zilizopishana kama ukili wa mkeka, ambazo zikikaza hukaba kila mshipa unaopita katikati yake. Hapo ndipo msuli huu, uliotakiwa kulegea kila baada ya dakika chache, unatakiwa kushika na usiachie. Ukilegea, mama anaweza kufa muda si mrefu mbele ya watu wanaompongeza. Kulegea huko ndiko chanzo kikubwa kuliko vyote cha damu nyingi baada ya kuzaa.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa akina mama zaidi ya 200,000. Jambo lililobadilishwa halikuwa kubwa la kutisha. Mama aliwekewa chini yake karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na ikifika kiasi cha hatari wahudumu walifanya mambo yote kwa mkupuo mmoja, kusugua mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, dawa ya kugandisha damu, dripu na uchunguzi, bila kungoja moja lishindwe ndipo lijaribiwe jingine. Waliopatwa na madhara makubwa walishuka kutoka 4.3 katika kila 100 hadi 1.6. Kabla ya hapo, kwa kukisia kwa macho, karibu nusu ya waliokuwa wakivuja damu kupita kiasi hawakuwa wakigunduliwa.

Na pasipo na plastiki ile, mkono upo. Mama akishajifungua, mkunga huweka kiganja usawa wa kitovu, akitafuta kitu kigumu cha mviringo, kama nazi ndogo iliyofuliwa. Akikipata, anamfunika mama na kumpa mtoto anyonye, kwa sababu kunyonya nako huutuma mwili utoe oksitosini yake wenyewe. Akikuta tumbo teketeke, anaanza kulisugua hapo hapo, huku akiita wenzake.